Kioo Kinapoingia Ukungu: Kukagua Kiyoyozi cha Gari la Parokia Kabla ya Mvua



Somo la robo hii linahusu kitu ambacho katika vikao vingi hukatwa mapema kwenye bajeti. Orodha ya matengenezo ya gari inasomwa: matairi, breki, oili, bima, na mwisho fundi ameandika "AC". Mmoja anacheka, mwingine anauliza tangu lini dereva amekuwa mkurugenzi, na mstari unapigwa kalamu. Tumekaa katika vikao vya namna hiyo na tunaelewa sababu. Fedha ni kidogo, na kwa wengi wetu kiyoyozi ni cha kupooza joto, basi. Anayeishi Njombe au Makete, ambako mwezi wa saba hata barafu huonekana juu ya nyasi asubuhi, apooze nini?

Tunaomba kamati ziutazame mstari huo upya. Katika gari lolote lililotengenezwa miaka ya karibuni, mtambo huo huo ndio unaomwezesha dereva kuona njia. Gari la parokia huitwa usiku, mvua inanyesha, mama mjamzito yuko kiti cha nyuma, wasindikizaji wanne wamebanana na nguo zilizolowa, na madirisha yote yamefungwa. Baada ya kilomita mbili tatu kioo cha mbele kinakuwa cheupe. Dereva anashika usukani kwa mkono mmoja na kufuta kioo kwa mkono wa pili. Anapata tundu la ukubwa wa sahani la kuchungulia, na mbele yake kuna mteremko wa utelezi usio na ukingo.

Ukungu unatoka wapi

Hewa hubeba maji tusiyoyaona, na kadiri inavyokuwa na joto ndivyo inavyoweza kubeba mengi zaidi. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi joto 25 inaweza kubeba takriban gramu 23 za mvuke. Hewa ya nyuzi 10 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 9 na ushei. Hewa ya ndani ya gari, iliyopata joto la watu na kushiba pumzi zao, inapogusa kioo kilichopozwa na mvua na upepo, hushindwa kuushika mzigo wake. Maji yanayobaki hung'ang'ania kioo kama vitone vidogo sana. Ni jambo lile lile linaloonekana kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji.

Kwa hiyo kuna njia tatu za kukisafisha kioo, na gari zuri huzitumia zote kwa pamoja: kuikausha hewa, kukipasha kioo joto, na kuipeleka hewa hiyo kavu na ya moto kwenye kioo kwa nguvu. Kukausha ni kazi ya kiyoyozi. Kupasha ni kazi ya hita, ambayo hupata joto lake kutoka kwenye maji ya injini. Kusukuma ni kazi ya feni ya ndani.

Wengi hushangaa kusikia AC na hita zikitajwa zifanye kazi pamoja. Nyuma ya dashibodi hewa hupita kwanza kwenye evaporeta, ambayo ni kama rejeta ndogo yenye baridi kali. Pale mvuke hugeuka maji na kudondoka chini ya gari kupitia mpira maalumu. Hewa iliyokwisha kukauka hupita kisha kwenye hita, ikapata joto, ndipo ikapanda kwenye kioo. Dereva anayezima A/C "kwa sababu ni baridi" anakuwa ameondoa hatua ya kwanza, na hita peke yake itapuliza kiooni hewa ya moto yenye maji yale yale.

Neno AUTO maana yake nini

Magari mengi yanayofika parokiani siku hizi yamepitia bandari ya Dar es Salaam yakitokea Japani, na hayo mara nyingi huwa na kiyoyozi cha kujiongoza. Hayana ile swichi ya kuzungusha yenye rangi ya bluu na nyekundu. Badala yake kuna kioo kidogo chenye namba, tuseme 25, na kitufe kilichoandikwa AUTO. Kitabu cha gari, kama kipo, kimeandikwa kwa Kijapani. Si ajabu dereva akabaki anabonyeza kimoja kimoja mpaka kitakachompendeza.

Namba ile ni joto ambalo dereva anataka liwepo ndani ya gari. Haionyeshi nguvu ya kiyoyozi. Ukiweka 25 na kubonyeza AUTO, kompyuta ndogo huamua yenyewe feni iende kasi gani, hewa itokee wapi, na ichanganywe ya baridi na ya moto kwa kiasi gani. Ili kuamua, inategemea sensa, yaani vipima joto vilivyotawanywa garini. Kimoja kiko ndani, nyuma ya matundu madogo kwenye dashibodi. Kingine kiko nje, nyuma ya bampa la mbele. Kingine hupima ubaridi wa evaporeta, kingine hupima maji ya injini, na kimoja, mfano wa kitufe cheusi cha mviringo juu ya dashibodi, hupima jua. Vijimota vidogo ndivyo hufungua na kufunga milango ya hewa huko ndani.

Dereva aliyepatwa na ukungu barabarani asiisubiri AUTO ifikiri. Abonyeze kitufe chenye picha ya kioo cha mbele na mishale mitatu inayopanda, ambacho kwenye magari mengi ya Kijapani kimeandikwa FRONT. Katika magari mengi kitufe hicho huwasha A/C chenyewe na kufungua hewa ya nje, lakini si katika yote, kwa hiyo ahakikishe taa ya A/C inawaka na kwamba kitufe chenye picha ya gari na mshale unaojizungusha ndani hakikuwashwa. Kisha apandishe joto na aongeze feni. Vioo vya pembeni vikishushwa upana wa kidole navyo husaidia. Na kama bado haoni, asimame mahali salama, awashe taa za tahadhari na asubiri. Dakika tatu za kusubiri hata mgonjwa huzimudu.

Tuanze na yasiyo na gharama

Kabla ya kumwita fundi tunashauri dereva na mwanakamati mmoja wakae garini kwa nusu saa, mchana, bila haraka.

Watazame kwanza juu ya dashibodi. Katika magari mengi tuliyopanda huko hutandikwa kitambaa kizuri cha kufuma, na juu yake sanduku la tishu, bahasha za vikao, na kofia ya dereva. Tunaelewa mapenzi yaliyomo katika kitambaa kile, na aliyekifuma huenda yumo kwenye kamati. Lakini chini yake kuna matundu marefu yanayopeleka hewa kwenye kioo, na pengine ile sensa ya jua nayo imefunikwa, kompyuta ikadhani ni usiku mchana kutwa. Kitambaa kihamie kwenye kiti.

Kisha wapitishe kidole kwenye kioo upande wa ndani. Kioo kisichosafishwa kwa muda mrefu huwa na utando wa mafuta na vumbi, na ukungu hupenda kushika hapo. Kufuta kwa kiganja huongeza mafuta hayo. Maji yenye sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, kitambaa safi, na gazeti kuukuu la kumalizia vinatosha, mara moja kwa wiki wakati wa mvua.

Linafuata jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo chanzo cha malalamiko mengi kuliko kuharibika kwa kifaa chochote. Kwenye barabara za vumbi madereva wetu huwasha kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, na wanafanya vyema. Ila kiangazi kinaisha, mvua zinaanza, na kitufe kinabaki kimewashwa kwa sababu hakuna aliyekikumbuka. Pumzi za watu saba zinazunguka humo humo. Mtu mmoja hutoa kwa pumzi peke yake kiasi cha robo lita ya maji au zaidi kwa siku, na nguo na miavuli iliyolowa huongeza mengi kuliko hayo. Vumbi likiisha, kitufe kizimwe.

Vumbi hilo huacha mabaki yake pia kwenye chujio la hewa ya ndani. Kwenye Toyota nyingi chujio hili hukaa nyuma ya kisanduku kilicho mbele ya abiria, na kulitoa hakuhitaji spana. Tumeona machujio yaliyogeuka matofali. Feni inavuma kwa kelele, lakini kwenye kioo inafika pumzi ya mgonjwa. Likiwa hivyo linunuliwe jipya. Kulitupa na kuendesha bila chujio, kama wanavyofanya wengine, ni kuupeleka uchafu moja kwa moja kwenye evaporeta, na kuisafisha hiyo ni kazi ya siku nzima.

Mwisho waguse kapeti. Lililolowa ni chombo cha kutengeneza ukungu usiku kucha, hata gari likiwa limeegeshwa. Kama ni maji matupu upande wa abiria wa mbele, huenda ule mpira wa kutolea maji ya evaporeta umezibwa na tope au na kiota cha nyigu, na maji yanamwagikia ndani. Fundi huuzibua kwa dakika chache akiwa chini ya gari. Kama kilicholowesha kapeti kinateleza kidogo vidoleni na kina harufu tamu, na kioo kinapata utando wa mafuta usioisha, hita yenyewe inavuja kulanti. Hapo tunaonya: kulanti ni sumu, isionjwe, na watoto na mbwa wasiachwe karibu nayo.

Kompresa na hadithi ya "kujaza gesi"

Kipimo rahisi cha kukausha hewa ni hiki. Siku yenye unyevu, washeni injini na A/C, feni iwe kati, na gari lisimame dakika 10 hadi 15. Kisha tazameni chini upande wa abiria. Maji safi yanayodondoka ni habari njema, kwani yanaonyesha kwamba kompresa inafanya kazi na njia ya maji iko wazi. Pasipo tone lolote, mmoja abonyeze A/C kuwasha na kuzima huku mwenzake akisikiliza mbele, boneti ikiwa wazi, mikono na mitandio mbali na mikanda. Katika magari mengi husikika "tak" na sura ya mbele ya kompresa huanza kuzunguka. Magari mapya kidogo yana kompresa isiyo na mlio huo, kwa hiyo ukimya peke yake usiwe hukumu.

Kompresa isiposhika, chanzo kinaweza kuwa fyuzi, rilei, waya, au upungufu wa gesi, kwa kuwa kuna swichi inayoizuia isizunguke gesi ikipungua ili isijiue. Hapa ndipo fedha za parokia hupotea. Gesi ya AC haitumiki ikaisha kama dizeli. Imefungiwa kwenye mabomba na inapaswa kubaki humo kwa miaka. Fundi anayejaza kila mwaka bila kutafuta tundu anawauzia gesi ile ile kila mwaka. Muulizeni kabla hajaanza: ana pampu ya kufyonza hewa na unyevu kwenye mabomba? Ana mizani? Lebo iliyo chini ya boneti huandika aina ya gesi na uzito wake kwa gramu, na kujaza kwa kukadiria kwa mkono huleta matatizo mapya. Aidha, msikubali kujaziwa gesi ya kupikia. Hupoza, ni kweli, lakini inashika moto, na ikivuja inavujia mahali walipo abiria.

Gesi iliyomo katika magari mengi tunayozungumzia ni R-134a. Ni miongoni mwa gesi zinazopunguzwa duniani chini ya makubaliano yaliyofikiwa Kigali mwaka 2016, kwa kuwa ikipotea hewani huongeza joto la dunia kwa kiasi kikubwa sana ikilinganishwa na hewa ya ukaa. Wafadhili wetu wengine huuliza juu ya mazingira. Kuziba tundu moja kwenye gari moja ni sehemu ya jibu.

Kiyoyozi kinachokaa miezi bila kuwashwa nacho huharibika, kwa sababu oili inayolainisha sili husafiri pamoja na gesi. Dakika 10 kila wiki, hata wakati wa baridi, zinakitosha. Mafuta yanayoliwa katika dakika hizo ni kidogo mno ukilinganisha na bei ya kompresa.

Gari la pwani linapopanda milimani

Sehemu hii tunaomba isomwe polepole, hasa na kamati zinazonunua magari yaliyokwisha kutumika Dar es Salaam.

Pwani hakuna anayehitaji hita. Ikianza kuvuja, fundi huchagua njia ya mkato: anayaunganisha mabomba mawili ya maji moja kwa jingine nje ya kabini, na hita inaachwa nje ya mzunguko. Gari linatembea vizuri na mwenye gari anasahau. Jambo la pili ni thamostati, kizibo kidogo kinachoyazuia maji ya injini yasiende kwenye rejeta mpaka yapate moto, kiasi cha nyuzi 82 kwenye Toyota nyingi za petroli. Injini ikichemka mara moja tu kwenye foleni, fundi huing'oa thamostati na kuitupa. "Huku kwetu joto, haina kazi," ndivyo tunavyoambiwa.

Kisha gari linauzwa, linapanda Kitonga, linavuka Iringa na Makambako, na baada ya kilomita zipatazo 700 liko Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Maji ya injini hayapati moto kwa sababu yanapita kwenye rejeta muda wote. Hita haina cha kutoa. Na kile kiyoyozi cha kujiongoza kinafanya jambo linalomchanganya dereva: katika AUTO feni inabaki chini kabisa. Kompyuta imepangwa isimpulizie abiria hewa ya baridi wakati ametaka joto, kwa hiyo inasubiri maji yapate moto, nayo hayapati kamwe. Dereva anasema feni imekufa. Fundi anabadilisha feni. Kioo kinabaki cheupe.

Kugundua hali hii hakuhitaji mashine. Asubuhi injini ikiwa baridi, iwasheni na mguse bomba nene la juu la rejeta kila baada ya dakika moja, kwa uangalifu. Thamostati ikiwepo na ikiwa nzima, bomba hukaa baridi kwa muda, halafu hupata moto kwa ghafla. Likianza kupata joto taratibu tangu mwanzo, thamostati haipo au imekwama wazi. Dalili nyingine ni mshale wa joto unaoanguka gari linaposhuka mlima. Kuhusu hita, tazameni ukuta unaotenga injini na kabini. Mabomba mawili membamba ya mpira yanapaswa kuingia ndani. Injini ikiwa moto na joto likiwekwa HI, yote mawili yawe ya moto. Moja likiwa moto na jingine baridi, hita imeziba au koki yake haifunguki. Na mkikuta yameunganishwa yenyewe kwa yenyewe, mmekwisha kupata jibu.

Thamostati ni kifaa cha bei ndogo. Injini isiyo nayo hula mafuta zaidi na huchakaa mapema, kwa hiyo hata mwanakamati asiyejali ukungu ana sababu ya kupitisha matumizi hayo. Ila chanzo cha kuchemka kule kwa kwanza kitafutwe pia, iwe rejeta iliyoziba, feni ya mbele au kifuniko, maana thamostati mpya haitibu rejeta mbovu.

Kuiuliza kompyuta yenyewe

Kama kapeti ni kavu, A/C inadondosha maji, hita ni ya moto, na bado AUTO inafanya vituko, ni wakati wa kuiuliza kompyuta. Toyota nyingi zenye kiyoyozi cha kujiongoza zilizotengenezwa miaka ya 1990 na 2000 zina njia ya kujipima bila kifaa chochote. Bonyeza AUTO na kile kitufe cha kuzungusha hewa kwa pamoja, vishikilie, na huku ukivishikilia washa swichi ya gari. Taa zote zitawaka na kuzima mara chache, halafu namba itatokea. Namba 00 maana yake haikuona kosa. 11 ni sensa ya ndani, 12 ya nje, 13 ya evaporeta, 21 ya jua. Namba za thelathini na arobaini kwa kawaida huhusu milango ya hewa na vijimota vyake. Kubonyeza OFF humaliza kipimo.

Angalizo moja litawaokoa gharama. Namba 21 hutokea pia gari likipimwa gerejini au chini ya mwembe, kwa sababu sensa ya jua haikuona jua. Litoeni gari juani mrudie kipimo kabla ya kununua chochote.

Namba 12 tunaifahamu vizuri. Gari limegongwa kidogo mbele, bampa likanyooshwa na kurudishwa, na sensa ya nje ikaachwa inaning'inia au waya wake haukuchomekwa. Sensa iliyokatika waya husomeka kama baridi kali mno. Baadhi ya magari hapo hukataa kabisa kuwasha kompresa, mengine hufanya kazi kwa kukisia. Kwa namba 11, jaribuni kwanza hili: feni ikiwa juu, wekeni kipande cha tishu kwenye matundu ya sensa ya ndani. Kinapaswa kuvutwa na kung'ang'ania. Kisipovutwa, kijimrija cha nyuma kimechomoka au kimejaa vumbi, na sensa inapima hewa iliyolala. Mlio wa "tak-tak-tak" nyuma ya dashibodi unapobadilisha mahali pa hewa ni kijimota ambacho meno yake yameisha, na mlango wa kioo huenda umekwama umefungwa.

Na kwa wenzetu wa pwani

Parokia za Tanga, Dar es Salaam na Mtwara zina ukungu wa aina nyingine, na tiba yake ni kinyume. Usiku wa masika hewa ya nje ni ya joto na imeshiba maji. Ndani dereva ameweka LO, kioo kimepoa kama chupa ya maji ya friji, na umande unajishika upande wa nje. Hapo kubonyeza A/C zaidi kunazidisha. Kidole kinatosha kutambua: ukipitisha kwa ndani na alama haitokei, ukungu uko nje. Washa waipa, pandisha namba hadi 24 au 25, na uiondoe hewa ya baridi isielekee kwenye kioo.

Kwa kikao chenu

Tunapendekeza kamati itenge dakika 20 kabla ya mvua za vuli au masika, dereva akiwepo na akipewa nafasi ya kusema kwanza, mjadili haya. Mara ya mwisho gari letu kushindwa kuonyesha njia ilikuwa lini, na lilikuwa limebeba nani? Gari letu lilitumika wapi kabla ya kuja kwetu, na je, thamostati na hita zake zipo? Katika miaka mitatu iliyopita tumelipia gesi mara ngapi, na kuna risiti hata moja inayosema tundu lilikuwa wapi? Wafadhili wanaosoma ukurasa huu nao wanaweza kuangalia fomu zao za maombi: matengenezo ya kiyoyozi yamewekwa chini ya usalama wa gari, au yameorodheshwa pamoja na redio na vifuniko vya viti?